Selimundu, klorokwini, furu au tembo: mfano upi utumie kueleza uteuzi asilia?

Mada ya mageuko ikifika, vitabu vingi vya biolojia humpa mwalimu nondo wa Manchester, Uingereza, ambao weusi walizidi weupe miti ilipojaa masizi ya viwanda, na ndege wa visiwa vya Galápagos wenye midomo ya maumbo tofauti. Ni mifano mizuri, na imepimwa vya kutosha. Tatizo ni kwamba mwanafunzi wa Sengerema au Kwale hajawahi kumwona nondo huyo, wala gome la mti aliojifichia, kwa hiyo anakariri. Anaandika "wenye nguvu ndio wanaobaki", anapata alama mbili, na kesho yake ukimuuliza kwa nini dawa fulani ya malaria haitumiki tena, haoni uhusiano wowote.

Huku kwetu kuna mifano iliyochunguzwa kwa undani uleule, na baadhi yake imo ndani ya damu ya wanafunzi wenyewe. Hapa nalinganisha minne: selimundu na malaria, usugu wa klorokwini, samaki aina ya furu wa Ziwa Victoria, na tembo wasio na pembe wa Gorongosa, Msumbiji. Nimeandika nikimfikiria mwalimu anayepanga vipindi, mwanafunzi anayejisomea, na mzazi aliyeulizwa swali na mtoto akashindwa pa kuanzia.

Mabaki ya kale ya Olduvai, nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6 hivi, na mifupa ya Turkana nimeviacha nje kwa makusudi. Vinaonyesha kwamba viumbe wamebadilika na kwa mpangilio gani. Havionyeshi kwa urahisi ni nini kiliwabadilisha. Swali la hapa ni hilo la pili.

Tunapima nini

Kigezo cha kwanza ni utaratibu. Uteuzi asilia unahitaji mambo matatu: viumbe wa jamii moja watofautiane, tofauti hizo zirithiwe, na wenye tofauti fulani waache watoto wengi kuliko wenzao. Yakikutana hayo matatu, kizazi kijacho hakina budi kufanana zaidi na waliozaa zaidi. Hakuna la nne. Hakuna kutaka, kujitahidi wala kukusudia. Kwa hiyo kila mfano nitauuliza: yote matatu yanaonekana, au kuna moja ambalo mwanafunzi atalazimika kuliamini tu?

Cha pili ni ushahidi, yaani nani alipima, alipima nini, na kama maelezo mengine, kwa mfano bahati nasibu, yameondolewa mezani. Cha tatu ni muda: mabadiliko yanaonekana ndani ya maisha ya mtu mmoja au yanahitaji maelfu ya miaka? Cha nne nakiita mtego, maana kila mfano una kosa lake la kuelewa ambalo huzaliwa nao. Cha mwisho ni kazi ya darasani, hasa kwa shule isiyo na maabara ya kueleweka.

Selimundu na malaria

*Utaratibu.* Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayotengeneza sehemu ya himoglobini. Herufi moja tu ikibadilika kwenye jeni hiyo, asidi amino ya sita, ambayo ilipaswa kuwa asidi ya glutamiki, inakuwa valini. Mwenye nakala mbili zilizobadilika (SS) anaugua selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Mwenye nakala moja (AS) kwa kawaida anaishi bila kuumwa, na malaria kali humpata kwa nadra. Mwenye AA, yaani nakala zote mbili za kawaida, hana selimundu, lakini kinga hiyo pia hana. Malaria inawapunguza AA, selimundu inawapunguza SS, na AS wanabaki wakizaa. Kwa njia hiyo jeni yenye uwezo wa kuua imedumu vizazi na vizazi bila kufutika.

Tena unaweza kuipigia hesabu. Tuseme malaria inaua mtoto 1 zaidi kati ya kila watoto 10 wa AA ukilinganisha na AS, na watoto wote wa SS wanafariki kabla ya kuzaa, kama ilivyokuwa enzi ambazo matibabu hayakuwapo. Nakala ya S itatulia kwenye takriban 9 kati ya kila nakala 100, yaani watu 16 au 17 kati ya 100 watakuwa wabebaji (AS). Katika maeneo mengi yenye malaria hapa kwetu, hali halisi iko karibu na hapo. Mifano inayokubali hesabu safi namna hii ni michache.

*Ushahidi.* Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alikusanya damu za jamii mbalimbali za Kenya mwaka 1949. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta jamii zenye wabebaji zaidi ya 20 kati ya watu 100. Nyanda za juu, ambako mbu wa malaria walikuwa wachache, hawakufika hata mmoja kati ya 100. Makabila yenye lugha na asili tofauti yalifanana kwa jambo hili moja mradi tu yaliishi penye malaria. Mwaka 1954 alichapisha matokeo zaidi, yakiwemo ya jaribio lililofanywa kwa wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea kuambukizwa malaria. Kati ya 15 wasio na nakala ya S, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 wabebaji, 2 tu. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingelipitisha jaribio hilo, na mwanafunzi akiuliza, aambiwe hivyo. Miongo mitano baadaye watafiti wa Kilifi walifuatilia watoto bila kumwambukiza yeyote, wakakuta kinga ya wabebaji dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90.

*Muda.* Hapa mfano huu unapwaya. Badiliko lenyewe ni la maelfu ya miaka. Mwanafunzi haoni jamii ikibadilika. Anaona ramani mbili, ya malaria na ya selimundu, zikilaliana.

*Mtego.* Kuna mwanafunzi atakayetoka darasani akisema "selimundu inakinga malaria." Ni hatari kusema hivyo. Anayenufaika ni mbebaji, tena hata yeye huugua malaria. Mtoto mwenye SS akipata malaria, maisha yake yako hatarini kuliko ya mwingine yeyote. Mtego mwingine ni wa kijamii. Darasani huenda yupo mwenye ugonjwa huo, au dawati moja liko tupu kwa sababu mwenzao amelazwa. Usiwaombe wanafunzi wataje hali zao, na usiwatume wakaulizie za wazazi wao. Jozi za jeni zisipolingana, nyumba inaweza kuvunjika kwa sababu ya kazi ya nyumbani ya biolojia.

*Darasani.* Maharage yanatosha. Weka mekundu 90 (A) na meupe 10 (S) kwenye bakuli, wanafunzi wachote mawili mawili bila kuangalia. Jozi ya meupe matupu inatoka. Jozi ya mekundu matupu inarushiwa shilingi. Ikiangukia upande mmoja, inatoka. Hesabuni yaliyobaki, jazeni bakuli lifike 100 kwa uwiano uleule, rudieni. Meupe hupanda kutoka 10 hadi 15 hivi mara moja tu, kisha yanakaribia theluthi na kugoma kupita hapo. Malaria inayoua nusu ya AA ni kutia chumvi, ila inawezesha jambo kuonekana ndani ya kipindi kimoja. Rudieni bila kurusha shilingi, na meupe yataanza kushuka.

Usugu wa klorokwini

*Utaratibu.* Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hula himoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu. Mlo huo huacha mabaki yenye sumu, na kimelea huyageuza yasimdhuru. Klorokwini hujikusanya kwenye kifuko chake cha kusagia chakula na kuizuia kazi hiyo, kwa hiyo kimelea hufa kwa mabaki ya mlo wake mwenyewe. Wale wenye jeni ya pfcrt iliyobadilika huitoa dawa nje ya kifuko hicho. Mgonjwa akimeza klorokwini, vimelea wa kawaida wanakufa, wachache wenye badiliko wanabaki na kuongezeka, na mbu atakayekuja kuuma ataondoka na hao. Tofauti, urithi na uzazi vyote vinaonekana, tena ndani ya mgonjwa mmoja na kwa siku chache.

*Ushahidi.* Usugu ulianza kuripotiwa Kusini-Mashariki mwa Asia mwishoni mwa miaka ya 1950. Afrika Mashariki ulithibitishwa karibu na 1978. Watafiti walipolinganisha vinasaba vilivyo jirani na jeni ya pfcrt, walikuta vimelea sugu wa Afrika wamebeba kipande kilekile cha wale wa Asia. Maana yake badiliko liliingia kama mgeni, na dawa tuliyokuwa tukiimeza kila homa ikalisambaza. Tanzania Bara iliiacha klorokwini mwaka 2001, ikatumia SP (wengi tunaijua kama Fansidar), kisha mwishoni mwa 2006 ikahamia dawa mseto.

Sehemu ya kisa hiki ambayo mimi huiona kuwa ndiyo yenye uzito kuliko zote iko Malawi. Nchi hiyo iliiacha klorokwini mapema, mwaka 1993. Mjini Blantyre, mwaka 1992, vimelea wenye alama ya usugu walikuwa asilimia 85. Kufikia 2000 walikuwa asilimia 13. Kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2006, klorokwini iliponya watoto 79 kati ya 80 waliofuatiliwa hadi mwisho. Dawa iliyokuwa imekufa ilifufuka. Sababu ni kwamba usugu una gharama: jeni inayoitoa dawa nje haifanyi vizuri kazi yake ya kawaida, kwa hiyo dawa isipokuwepo, vimelea wasio sugu huwashinda wenzao. Vipimo vya vinasaba vilionyesha pia kwamba hawakuwa sugu "waliojirekebisha", bali kizazi cha wale wasio sugu walionusurika wakasambaa upya. Ukitaka kumwonyesha mtu kwamba mazingira ndiyo yanayochuja, mwonyeshe mazingira yakigeuka na mchujo ukigeuka nayo.

Na habari haijaisha. Mwaka 2020 watafiti walieleza kwamba nchini Rwanda kuna vimelea wenye badiliko linalopunguza kasi ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, na kwamba badiliko hilo limezuka hapohapo bila kuletwa kutoka Asia. Uganda na Kagera nako mabadiliko ya aina hiyo yameshaonekana.

*Muda.* Miaka kumi au ishirini. Wazazi wa wanafunzi bado wanakumbuka jinsi klorokwini ilivyowawasha mwili mzima.

*Mtego.* "Mwili umezoea dawa." Sentensi hii utaisikia dukani, kliniki na hata kwenye vyumba vya walimu, na inaweka mabadiliko mahali pasipo pake. Mwili wa mgonjwa haukubadilika. Kilichobadilika ni jamii ya vimelea, kwa wengine kufa na wengine kuzaana. Anayedhani mwili umezoea atakwambia pia kwamba mtu ambaye hajawahi kutumia klorokwini hawezi kupata malaria sugu. Anaweza, siku ya kwanza tu, akiumwa na mbu aliyetoka kwa jirani. Upungufu mwingine ni kwamba ndani ya damu yetu kimelea hujigawa bila kujamiiana, hivyo mfano huu haukusaidii kufundisha urithi wa baba na mama.

*Darasani.* Wanafunzi waulize nyumbani: babu na bibi walitibiwa malaria kwa dawa gani, wazazi je, wao wenyewe je? Majibu yakipangwa ubaoni kwa miaka, klorokwini, Fansidar au Metakelfin, kisha mseto, darasa linakuwa limetengeneza ushahidi wake bila hadubini.

Furu wa Ziwa Victoria

*Utaratibu.* Mifano miwili iliyotangulia inaonyesha jeni ikipanda na kushuka ndani ya spishi moja. Mwanafunzi mwerevu atauliza: sawa, lakini spishi mpya hutoka wapi? Furu, ambao Wajaluo huwaita fulu, ndio jibu. Kwa makadirio ziwa hili lilikuwa na spishi 500 hivi: wenye taya za kuponda konokono, wa kukwangua mwani mawe, wa kula wadudu, wa kula samaki wenzao. Wana taya la pili kooni linalosaga chakula, jambo linaloiacha midomo huru kuchukua maumbo ya kila aina.

Jozi iliyochunguzwa sana ni *Pundamilia pundamilia*, ambaye dume lake ni la buluu, na *Pundamilia nyererei*, ambaye dume ni jekundu. Ndiyo, jina hilo la pili ni la Mwalimu Nyerere. Katika Ziwa Victoria mwanga wa buluu hupotea haraka ukishuka chini, mwekundu hufika mbali zaidi. Samaki wa kina kirefu wana jeni ya jicho inayoona vyema zaidi wekundu, na majike yao huwapenda madume mekundu. Wa juu kinyume chake. Macho yanafuata mwanga, uchaguzi wa mchumba unafuata macho, na makundi mawili yanaacha kuchanganyika.

*Ushahidi.* Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichunguza visiwa vya upande wa Mwanza. Makobe, penye maji maangavu, aina mbili zimetengana. Penye maji machafu zaidi zinaingiliana hadi huwezi kuzitenga. Maabara nako, majike waliowekwa chini ya mwanga wa rangi ya chungwa, ambao unafuta tofauti ya rangi, walipoteza ubaguzi wao.

*Muda.* Ziwa Victoria lilikauka, likaanza kujaa upya miaka 15,000 hivi iliyopita. Kwa kipimo cha jiolojia hiyo ni jana jioni. Kwa mwanafunzi bado ni mbali. Kuna mabadiliko ya karibu zaidi. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, akafurika miaka ya 1980, na spishi zipatazo 200 za furu zinadhaniwa kupotea. Baadhi ya zilizobaki zimebadilika umbo na chakula ndani ya miongo miwili. Lakini hapa uwe mwangalifu: sehemu ya mabadiliko hayo huenda ni mwili kujirekebisha samaki akiwa hai, bila jeni kuguswa.

*Mtego.* Umo katika wingi wa sababu. Kuna uteuzi wa mazingira, kuna majike kuchagua madume, na vinasaba vinaonyesha kwamba mababu wa furu hawa walitokana na koo mbili zilizochanganyika, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Naili. Ukieleza mvuto wa majike pekee, darasa litaona mageuko ni mashindano ya urembo. Ukieleza yote, utamaliza vipindi vyote vya wiki.

*Darasani.* Walio Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu au Homa Bay waende mwaloni, wanunue furu wa fungu moja, wawapange kwa midomo na meno. Aliye Mtwara au Lamu atategemea picha, na nusu ya utamu imeondoka.

Tembo wasio na pembe wa Gorongosa

*Utaratibu.* Vita vya wenyewe kwa wenyewe Msumbiji, 1977 hadi 1992, viligharamiwa kwa sehemu na pembe za ndovu. Katika mbuga ya Gorongosa zaidi ya asilimia 90 ya tembo waliuawa. Jike ambaye hakuota pembe hakuwa na cha kuporwa. Kabla ya vita majike wa namna hiyo walikuwa asilimia 18.5, baada yake wakawa asilimia 50.9. Sehemu ya ongezeko hilo ni kunusurika tu. Mageuko hasa yako kwenye kizazi kilichozaliwa baada ya bunduki kunyamaza: asilimia 33 ya majike hao hawakuwa na pembe. Tofauti kati ya takwimu hizi mbili ndiyo somo lenyewe, na walimu wengi huiruka.

*Ushahidi.* Utafiti ulichapishwa mwaka 2021, ukitumia video za kabla ya vita na hesabu za sasa. Watafiti walipiga hesabu kuona kama bahati peke yake ingeweza kuleta badiliko hilo, wakakuta haielekei. Kisha walisoma vinasaba na kuelekezwa kwenye kromosomu X, hasa jeni ya AMELX inayohusika na meno. Inaelekea nakala iliyobadilika hulifanya jike likose pembe, lakini huua dume kabla ya kuzaliwa. Dalili zinaungana: madume wasio na pembe hawaonekani, na theluthi mbili hivi ya watoto wa mama asiye na pembe ni majike. Hata hivyo ushahidi wa jeni hapa ni mdogo kuliko wa selimundu; ni tembo wachache waliosomwa.

*Muda.* Vita moja. Kizazi kimoja au viwili vya tembo.

*Mtego.* Vichwa vya habari viliandika kana kwamba tembo waliacha kuota pembe ili wasiuawe. Hakuna tembo aliyeacha. Wasio na pembe walikuwepo tangu hapo, na walibaki wengi kwa sababu wenzao waliuawa. Mwanafunzi mwingine atauliza: kama ni binadamu aliyeua, kwa nini uitwe uteuzi *asilia*? Mwambie mwindaji hakukusudia kufuga tembo wasio na pembe. Mfugaji anayechagua ng'ombe wa maziwa anakusudia.

*Darasani.* Takwimu tatu ubaoni, 18.5, 50.9 na 33, na swali moja: kwa nini ya tatu iko chini ya ya pili? Kwa kidato cha sita ongeza msalaba wa kromosomu X, wapate theluthi mbili wenyewe.

Kuna mfano wa tano nilioupima nikauacha, nao ni uwezo wa watu wazima kunywa maziwa bila kuharibika tumbo. Mwaka 2007 watafiti waliochunguza jamii 43 za Tanzania, Kenya na Sudan waligundua kwamba jamii za wafugaji huku zina badiliko lao la jeni, tofauti na lile la Wazungu. Mazingira yanayofanana, mabadiliko mawili yasiyohusiana. Unafaa kama nyongeza ya dakika tano. Ukiubeba peke yake, darasa huishia kubishana ni kabila gani linakunywa maziwa sana.

Kwa hali yako

Kama una kipindi kimoja tu cha dakika 40, klorokwini inatosha, na usiache kufika Malawi. Ndiyo pia ningeanza nayo penye mvutano wa imani: mzazi anayepinga mageuko bado anataka dawa ya mwanawe ifanye kazi, na mazungumzo yanaweza kuanzia hapo bila mtu kulazimishwa kujibu asili ya binadamu. Maswali ya asili yatakuja tu, wakati wake.

Darasa linaloelewa vizuri urithi wa Mendel, na mwalimu anayejua kulea mazungumzo yenye maumivu, lipewe selimundu. Kama unajua yupo mtoto anayeugua na wenzake humnyanyapaa, chukua tembo: urithi unabaki, aibu inaondoka.

Kidato cha sita, au mwanafunzi wa chuo anayejiandaa kufundisha, afanye tembo na selimundu pamoja. Mmoja una jeni kwenye kromosomu X na hesabu za kizazi kimoja, mwingine una mizani iliyodumu maelfu ya miaka. Akiweza kueleza kwa nini nakala ya S haijaisha na ya tembo imepanda, ameshaelewa.

Furu ni wa yule ambaye swali lake ni spishi mpya, na ni wa shule za kanda ya ziwa kwanza. Usiwatumie kama utangulizi. Watangulize klorokwini, ndipo wafuate wao.

Mzazi aliyekwamishwa na swali la mtoto wa darasa la sita aanze na tembo, kwa sababu mtoto anaiona picha mara moja. Achunge neno "ili" lisiingie kwenye maelezo yake.

Na mwanafunzi anayejiandaa na mtihani achague mfano wowote kati ya hii, kisha aandike mistari mitatu: nani alitofautiana na nani, tofauti hiyo ilirithiwa vipi, na nani aliacha watoto wengi zaidi na kwa sababu gani. Mstari mmoja ukimshinda, arudi kwenye mfano huo kabla ya kugusa mwingine.